Aliyelala na Majivu

Ilikuwa usiku wa matanga, Tanga. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, sisi wanawake tumejaa chumbani juu ya mikeka. Maneno ya kumliwaza mfiwa yalikuwa yamekwisha na usingizi umekataa kuja, ndipo mmoja wetu akasema tuhadithiane mpaka kukuche. Zamu yangu ilipofika nikatoa kisa cha Mandaravati, hadithi ya kale ya India, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kukisoma, na kwa kuwa kina maiti ndani yake nikaona hakitakuwa kigeni mahali pale.

Vijana watatu wa Kibrahmani, tabaka la makuhani wa Kihindu, wanamposa binti mmoja. Kila mmoja anaapa kwamba binti akiozwa mwingine, yeye atakufa. Baba anaogopa kubeba damu ya watu, basi hamwozi yeyote. Vijana wanakaa hapo hapo, siku zote macho kwa binti. Kisha Mandaravati anashikwa na homa ya ghafla. Watatu waliapa kufa, na anayekufa ni yeye.

Wanamchoma, kama ilivyo desturi yao. Kijana wa kwanza anajenga kibanda penye majivu, analala juu yake, anakula cha kuombaomba. Wa pili anaikusanya mifupa, anaipeleka mto Ganga. Wa tatu anakuwa mtawa wa kuzunguka nchi. Huko aendako anaona mtoto aliyeteketea motoni akifufuliwa kwa maneno ya kitabu. Anakiiba kile kitabu, anarudi, anayasoma maneno, na Mandaravati anainuka kutoka majivuni, mzuri kuliko alivyokuwa. Papo hapo ugomvi unaanza. Huyu ni mke wa nani?

Sikuwahi kumaliza kuuliza. Shangazi yangu, ambaye kisa hicho alikuwa anakisikia kwa mara ya kwanza, alijibu akiwa bado ameegemea ukuta.

"Wa huyo aliyelala hapo, mwanangu. Wenziwe walisafiri."

Na ndilo jibu lenyewe. Mfalme anayeulizwa swali hilo kitabuni anasema: aliyemfufua amempa uhai, huyo ni baba yake, aliyebeba mifupa amefanya kazi ya mwana kwa mzazi, aliyelala na majivu yake, huyo ndiye mume.

Wiki zote hizi jibu hilo limenikaa kifuani. Mbona muujiza hauhesabiki? Mtu amemtoa mwenzake mautini, na hadithi inampa heshima ya baba kisha inampita.

Maiti mabegani

Kisa hicho ni kimoja kati ya visa vya vetala, alivyoviandika Somadeva wa Kashmir kwa Kisanskriti katika karne ya 11, ndani ya kitabu chake Kathasaritsagara chenye beti zaidi ya 20,000. Vetala ni pepo anayeingia katika maiti akaifanya iseme. Mfalme Trivikramasena, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Vikram, ametumwa na mtawa mmoja aende usiku wa giza kwenye uwanja wa kuchomea maiti, aishushe maiti inayoning'inia mtini na kumletea. Na asiseme neno.

Anaitia mabegani, anatembea. Njiani maiti inaanza kuhadithia. Kila kisa kinaishia kwa swali, na juu ya swali kuna kitisho: ukilijua jibu ukalificha, kichwa chako kitapasuka. Mfalme analijua, anajibu. Akishajibu tu, kimya kimevunjika, na maiti imerudi mtini kuning'inia. Mfalme anageuka kuifuata tena. Zaidi ya mara ishirini anageuka.

Kwetu jeneza hupokezanwa. Kila mtu huingiza bega kwa hatua chache, kisha mwingine humpokea. Mfalme huyu hana wa kumpokea. Usiku kucha maiti ni yake peke yake, na maswali inayomuuliza si ya kaburini. Inamuuliza nani alikuwa mkarimu zaidi, nani alidhulumiwa, mume ni nani. Mfu anataka kujua kama walio hai bado wanahukumu kwa haki.

Niliposoma tena kile kisa nikakumbuka kwamba anayeamua kesi ya Mandaravati naye ana maiti mgongoni. Inawezekana ndiyo sababu anampa ushindi aliyelala na majivu. Anajua kazi hiyo ikoje.

Shangazi naye anajua. Tangu nikiwa mdogo nimemwona akichukua kanga mbili na kwenda kulala matanga kwa majirani, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata kwa watu asioelewana nao.

Chelezo cha migomba

Kutoka hapo nikaanza kuwatafuta waliobaki na wafu wao katika hadithi za India, na wa kwanza kunijia alikuwa Behula wa Bengal.

Chand Sadagar, tajiri wa majahazi, amekataa kumwabudu Manasa, mungu wa kike wa nyoka. Manasa amemuulia wana sita. Akiwa anamwoza wa saba, Lakhindar, Chand anawajengea maharusi chumba cha chuma kisicho na ufa. Lakini fundi amemwogopa Manasa, ameacha tundu moja dogo, na usiku ule ule wa harusi nyoka anapita hapo.

Desturi ya Bengal ya zamani ilikuwa kwamba aliyekufa kwa nyoka hachomwi. Aliwekwa juu ya chelezo akaachiwa mto, kwa matumaini kwamba huko mbele yuko mganga atakayemrudisha. Behula, bibi arusi wa usiku mmoja, anapanda chelezo cha migomba na kuketi kando ya maiti.

Washairi waliotunga Manasamangal, tenzi za kumsifu Manasa, hawakuona haya kusema kinachofuata. Mwili unavimba. Unaoza. Nyama inabanduka. Watu wa kando ya mto wanamwita ashuke aachane na uozo ule, naye haendi popote. Miezi inapita, anabaki na mifupa, na bado ni mume wake.

Mwisho anamkuta Neta, dobi wa miungu, akifua mtoni. Mtoto wa Neta anamsumbua. Neta anamuua, anafua kwa raha, kisha akimaliza anamfufua. Behula akishaona hayo hamwachi tena. Kwa njia ya Neta anafika mbele ya miungu, anacheza ngoma, na Manasa anakubali kumrudisha Lakhindar na kaka zake sita iwapo Chand atamwabudu. Chand anamtolea ua kwa mkono wa kushoto, uso ameugeuzia upande. Manasa anapokea.

Ule mkono wa kushoto naupenda sana. Wana wamerudishwa wote, mzee anashukuru, lakini hajifanyi kusahau nani aliwaua.

Savitri wa Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, anajulikana zaidi. Anaolewa na Satyavan akiwa ameshaambiwa kwamba mume atakufa baada ya mwaka mmoja. Siku inapofika, Yama, mungu wa mauti, anakuja mwenyewe na kitanzi, anaivuta roho ya Satyavan, ndogo kama kidole gumba, na kushika njia ya kusini. Savitri anamfuata kwa miguu huku akizungumza. Yama anayafurahia maneno yake, anamwambia aombe lolote ila uhai wa mume. Anamwombea baba mkwe macho yake, kisha ufalme wake, kisha baba yake mwenyewe wana mia. Ombi linalofuata ni wana mia wa kwake yeye na Satyavan. Yama anakubali, na neno likishatoka halirudi.

Mpaka leo, mwezi mpevu wa Jyeshtha, mwezi wa Kihindu unaoangukia Mei au Juni, wanawake wa Maharashtra na Gujarat huuzungushia nyuzi mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ule unaoshusha mizizi kutoka matawini, na kufunga kwa ajili ya waume zao.

Nilipokwama

Hapa nilikaa siku nyingi bila kuandika chochote.

Somadeva alikitunga kitabu chake kumburudisha Suryavati, malkia wa Kashmir. Mwisho wa malkia huyo umeelezwa na Kalhana, mwanahistoria wa huko huko aliyeandika karne ya 12. Baada ya magomvi marefu kati ya mfalme Ananta na mwana wao Kalasha, Ananta alijiua. Suryavati akaingia motoni kumfuata.

Huyu ndiye aliyesomewa kisa cha Mandaravati. Yumkini alisikia mfalme wa hadithi akisema kwamba anayekaa na majivu ndiye mwenye mapenzi ya kweli. Siwezi kudai kwamba hadithi ndiyo iliyompeleka motoni; siasa za jumba lile na desturi ya zama zake zilitosha. Lakini tangu nijue hilo, jibu lililonipendeza usiku wa matanga limeanza kunitia baridi. Wajane walichomwa pamoja na maiti za waume zao India kwa karne nyingi, na desturi hiyo ilipopigwa marufuku Bengal mwaka 1829, baada ya Rammohan Roy, mwanamageuzi wa Kibengali, kuipinga miaka kadhaa, wapo waliojitokeza kuitetea. Kubaki na maiti kunaweza kuwa mapenzi. Kunaweza pia kuwa amri.

Nilijitetea kwa Savitri na Behula. Hawa hawakuingia motoni wala kujitosa mtoni. Walimfuata mfu ili arudi. Savitri anabishana na mauti na kuishinda. Behula anakwenda kudai. Utetezi huu naushikilia bado, ila haunitoshi, kwa sababu wanaosifiwa kwa kubaki ni wanawake mno. Ruru, katika Mahabharata hiyo hiyo, alimkuta mchumba wake Pramadvara ameumwa na nyoka amekufa, akatoa nusu ya umri wake ili binti aishi. Nusu ya umri! Na hakuna siku ambayo wanaume huzungushia mti nyuzi kwa jina la Ruru.

Mwanamume anayekumbukwa kwa kukaa na wafu ni Harishchandra, na kilichomweka huko ni ahadi. Mfalme huyu, kwa kutimiza neno lake, anapoteza ufalme, anamuuza mkewe na mwanawe, anajiuza mwenyewe, na kuishia mtumishi wa uwanja wa kuchomea maiti mjini Varanasi. Kazi yake ni kutoza ada. Usiku mmoja anakuja mama na maiti ya mtoto aliyeumwa na nyoka. Ni mkewe. Ni mwanawe. Hana cha kulipa, na ada si mali ya Harishchandra bali ya bwana wake. Anaidai. Katika simulizi nyingi mama anaanza kuichana sari aliyoivaa, ndipo miungu inapoingilia na mtoto anarudishiwa uhai.

Kisa hiki kimewaliza Wahindi vizazi na vizazi. Filamu ndefu ya kwanza ya India, mwaka 1913, ilikuwa ya Harishchandra, na mojawapo ya sehemu za kuchomea maiti kando ya mto Ganga pale Varanasi ina jina lake. Wengi humsifu kwa ukweli wake. Mimi kila nikikisoma namtazama mama mwenye nguo inayochanika.

Waliokosa wa kuwakalia

Kisha wapo wafu wa aina nyingine, wasio na mume, mwana wala rafiki aliyelala na majivu yao.

Kaskazini mwa India watu huogopa churel, mwanamke aliyekufa na mimba au katika uzazi. Nyayo zake zimegeuka, vidole vinatazama nyuma. Anapendeza kwa mbali, anawavuta vijana usiku, na mara nyingi husemwa kwamba huanza na wanaume wa nyumba yake mwenyewe. Husikii hofu hiyo kwa bibi aliyekufa na wajukuu wamemzunguka. Inamfuata binti aliyekufa kwa uchungu nyumbani kwa wakwe, na nyumba inayomwogopa inajua namna ilivyomtendea.

Kisa kinachoniumiza zaidi upande huu ni kidogo sana. Lal Behari Day, mchungaji wa Kibengali, alikichapisha mwaka 1883. Pepo wa kike anayekaa mtini anamkamata mke wa Brahmani, anamsukumiza ndani ya shimo la shina, anavaa sura yake na kwenda nyumbani kwa mume. Anafanya nini huko? Anapika. Anafagia. Mama mkwe anashangaa kuona mkaza mwana aliyekuwa mlegevu sasa ana bidii ya ajabu. Wanamgundua kwa sababu mkono wake unarefuka mpaka chumba cha pili kuchukua kitu, na kwa sababu kuni zilipokosekana aliutia mguu wake jikoni. Mganga anaitwa, moshi wa manjano iliyochomwa unamtesa, anapigwa mpaka anasema mke halisi yuko wapi, kisha anafukuzwa.

Yule mke alitaabika, na ni haki yake kurudi kwake. Lakini mfu huyu alitaka jiko tu. Alikuwa tayari kuchoma mguu wake ili chakula kiive.

Rafiki mwenye ufunguo

Katika kitabu hicho hicho cha Day yumo Dalim Kumar, mwana wa mfalme ambaye uhai wake umo katika mkufu wa dhahabu, mkufu umo katika kisanduku, kisanduku kimo ndani ya samaki bwawani.

Watu wa pwani uhai uliowekwa mbali na mwili tunaujua kupitia kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kisa kile asili yake ni Panchatantra ya India, ambako papa ni mamba, na mmisionari Edward Steere alikichapisha kwa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kima alidanganya, akapona. Dalim ni mtoto. Njiwa zake zimeingia chumbani kwa mama wa kambo, naye ili arudishiwe anakubali kwenda kumuuliza mama yake siri ya uhai wake, kisha anaipeleka.

Mama wa kambo anaupata mkufu, anauvaa, Dalim anaanguka. Mfalme hamchomi. Anamlaza katika nyumba ya bustanini, na ufunguo anapewa rafiki wa Dalim, mtoto wa waziri. Usiku mama wa kambo anavua mkufu alale, na huko bustanini Dalim anaamka. Asubuhi anauvaa, Dalim anakufa tena.

Watu wote wa jumba la mfalme wameshamlia na kwenda zao. Rafiki anaendelea kuja, anaona mwili hauozi, na mara moja anakuja usiku badala ya mchana. Anamkuta mwenzake yu hai. Hana kitabu cha maneno wala dawa. Alikuwa amebaki na ufunguo na mazoea ya kuja, na kutokana na hayo Dalim anapata, baada ya miaka, mtu wa kumrudishia mkufu.

Kisa hiki kilinirudisha upande wa shangazi kwa kiasi. Rafiki hakuamriwa kufa. Alikwenda kwake, akala, akalala, akarudi.

Tejimola anasema

Bado kuna jambo moja, nami nililiona nimechelewa, kwa kuwa kisa cha Mandaravati kimesukwa kwa namna inayolificha. Anainuka kutoka majivuni aking'aa, na sentensi inayofuata ni ya wanaume. Mmoja anasema ni wangu kwa maneno yangu, mwingine kwa maji ya Ganga, mwingine kwa majivu. Vetala anauliza. Mfalme anajibu. Shangazi alijibu, nami nilijibu. Aliyekuwa mfu, na sasa yu hai mbele ya watu wote, hakuulizwa.

Kwa hiyo nikaenda Assam, kaskazini mashariki mwa India, kwa Tejimola, katika mkusanyiko wa Lakshminath Bezbarua wa mwaka 1911. Baba mfanyabiashara amesafiri. Mama wa kambo anamweka Tejimola asukume mpunga chini ya kinu cha kukanyagwa kwa mguu, na mchi unamponda mkono wa kulia. Tumia wa kushoto, anaambiwa. Wa kushoto nao unapondwa. Kisha miguu. Kisha kichwa. Anazikwa hapo hapo karibu na kinu.

Unaota mmea wa boga. Bibi mmoja fukara anakuja kuomba boga, anaponyoosha mkono mmea unaimba: usinyooshe mkono, usichume, mimi ni Tejimola, mama wa kambo aliniponda. Mama wa kambo anaung'oa, anautupa mbali. Unaota mti wa matunda jamii ya ndimu. Wachunga ng'ombe wanataka kuchuma, mti unaimba vile vile. Anaung'oa, anautupa mtoni. Linachanua yungiyungi. Baba anarudi na mashua yake, analiona ua, ananyoosha mkono alichume ampelekee bintiye.

Usinyooshe mkono, baba.

Baba hamwiti mganga. Anasema na ua. Ukiwa kweli Tejimola wangu, anamwambia, geuka ndege uje ule tambuu hii niliyotafuna. Ndege anakuja. Anampeleka nyumbani, huko anamrudisha kuwa mtu, na mama wa kambo anafukuzwa.

Tejimola aliuawa, akazikwa, akang'olewa mara mbili, na kila alipoota aliota na jina lake na kauli yake, akitaja aliyemuua na kile asichotaka kufanyiwa. Bibi fukara alimsikia, wachunga ng'ombe walimsikia, baba akamsikia akamjibu. Baada ya kumsoma yeye, kesi ya Mandaravati siwezi tena kuiona imekwisha, hata mfalme angekuwa na hekima gani. Somadeva alikuwa na beti zaidi ya 20,000 mkononi. Moja tu ingemtosha yule binti kusema anamtaka nani kati ya watatu, au kwamba hamtaki hata mmoja.